Viatu Vinavyoangalia Mlango

Mimi ni mpambaji wa kumbi. Nafunga vitambaa, napachika maua ya plastiki, nasimamisha tao la maharusi, kisha natandika zulia jekundu lililokanyagwa na watu wengi mpaka limesahau rangi yake. Ukumbi ninaoupamba mara nyingi zaidi ulikuwa wodi ya wanaume. Wenye harusi hawajui, au wanajua na wanajitia hamnazo kwa sababu bei ni nafuu na pa kuegesha magari papo. Vitambaa vyangu navitundika kwenye ndoano zilizokuwa zikibeba chupa za dripu. Ni ndoano imara, hazijawahi kuniangusha, lakini nikiwa juu ya ngazi sipendi kutazama chini. Kutoka pale juu, sakafuni bado yanaonekana madoa ya miguu ya vitanda, manne manne, mstari mzima.

Mama yangu alinitangulia katika jengo lile, na habari hizi ni zake. Watu walimwita Mama Viatu. Nilipokuwa shule ya msingi nililichukia jina hilo, kwa sababu wenzangu waliligeuza wakaniita Soksi, na jina la utani likishakuganda huna wa kumshtakia. Sasa nimekuwa mtu mzima na Soksi ndilo jina la biashara yangu, limeandikwa ubavuni mwa gari langu kwa herufi za dhahabu.

Zamani jengo lile ndilo lililokuwa hospitali pekee upande wetu wa mji. Matroni wake alikuwa mwanamke mfupi, mkali kama pilipili, aliyeamini kwamba nusu ya maradhi ya dunia huingia ndani na tope. Akatoa amri kila anayepita mlango wa wodi avue viatu, awe mgonjwa au aliyekuja kumwona mgonjwa. Viatu vikarundikana mlangoni, watu wakaanza kuibiana, wengine wakatoka na viatu viwili vya kushoto. Ndipo mama, ambaye alikuwa mfagiaji, msichana tu, alipopewa chumba kidogo chini ya ngazi akawekewa rafu za mbao. Kazi yake ikawa kupokea viatu, kukupa kibati chenye namba, na kufunga kibati pacha kwenye kiatu chako. Waliokuja kuona wagonjwa walichukua vyao baada ya saa ya kuona wagonjwa kwisha. Vya wagonjwa wenyewe vilikaa rafuni mpaka mwenyewe aruhusiwe kwenda nyumbani.

Vibati vile alivikata baba. Alikuwa fundi bati, ana kibanda chake nyuma ya soko, anaunga masufuria na kuchomelea mageti. Alikata makopo matupu ya maziwa akatoboa namba kwa msumari, akavileta hospitalini ndani ya ndoo. Alivaa buti za kahawia ambazo juu yake palikuwa na vitobo vidogo vidogo vya kuungua, kwa sababu cheche hazichagui pa kuangukia. Alipomaliza kukabidhi ndoo, akavua zile buti akampa mama.

"Fundi, huingii wodini. Viatu vya nini?"

"Nitunzie. Nitavifuata kesho."

Akaenda zake peku, barabara nzima, jua limewaka kweli. Kesho yake akaja kuvifuata, akakaa kuongea mpaka mama akachelewa kufagia, na alipoondoka akaviacha tena. Ikawa ndiyo desturi yake. Nyayo zake zikapasuka, mama akampa mafuta ya kupaka. Matroni, ambaye hakuna kilichompita, akauliza yule mwanamume anaumwa nini hata kila siku yuko mlangoni.

"Ana ugonjwa wa kusahau viatu, Matroni."

"Basi muoane haraka," Matroni akasema. "Dawa yake hapa hatuna."

Mama aliipenda hadithi hii. Aliisimulia akifua, akisonga nywele zangu, akichambua mchele, na aliimaliza kwa maneno yaleyale kila mara, kwamba mtu akiacha viatu kwake, anarudi.

Si wote waliorudi, bila shaka. Ilikuwa hospitali. Mama alikuwa na utaratibu wake ambao hakufundishwa na mtu. Viatu vya mgonjwa anayesubiriwa aliviweka rafuni ncha zikiangalia mlango, tayari kwa safari ya nyumbani. Mgonjwa akifariki, kabla hata ndugu hawajaitwa, mama alivigeuza ncha zikaangalia ukuta. Alisema ni heshima tu, kwamba si vizuri viatu vikae vimekodolea macho njia ambayo mwenyewe hatapita tena. Ndugu wengi hawakutaka kuvichukua viatu vya marehemu wao, wakaviacha pale, na rafu ya chini ikazidi kujaa visigino.

Haikuchukua muda watu wakaushtukia utaratibu ule. Wakaacha kumuuliza muuguzi hali ya mgonjwa. Walipanda ngazi za mbele, wakapita mapokezi kama hawayaoni, wakaja moja kwa moja kuchungulia kwa mama. Nilikuwa nakaa mle baada ya shule, juu ya debe lililogeuzwa, nikifanya hesabu zangu, na nimewaona wakichungulia. Nilimwona mwanamke mmoja amebeba chupa ya uji kwapani, akatafuta kwa macho rafu ya juu, ya kati, ya chini, kisha akaketi sakafuni polepole bila kumwaga hata tone. Daktari alikuwa bado yuko mbali kwenye korido anakuja kumweleza. Mama alitoka akaketi naye hapohapo chini. Mimi nikarudi kwenye hesabu zangu kwa sababu sikujua pa kuweka macho.

Kulikuwa na sheria moja zaidi. Wagonjwa walioishinda hospitali yetu walipelekwa hospitali kubwa, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Gari la wagonjwa lilibeba watu zaidi ya mmoja kwa safari, barua zao zote za rufaa zikishikwa na dereva, na wengi wao hawakuwa na nguvu za kujitaja. Kwa hiyo mama alibandika plasta ndani ya kiatu, akaandika jina la mgonjwa, akatia viatu kwenye mfuko wa kitambaa na kuuning'iniza kwenye machela. Huko waendako, nani ni nani ilisemwa na viatu. Sheria hii niliijua kabla sijajua kusoma saa. Mgonjwa akienda, viatu vinamfuata. Mama aliitumia hata nyumbani. Nikisahau begi la shule alinipigia kelele kutoka mlangoni, "Wewe mtoto! Mgonjwa anaenda, viatu vinabaki?"

Sasa baba. Alianza na maumivu ya tumbo akayapuuza, kama kawaida ya wanaume wa aina yake, mpaka siku aliyoanguka kibandani kwake na wenzake wakamleta kwa mkokoteni. Akapasuliwa. Kwanza akaamka vizuri, akataka chai, akamtania Matroni. Kisha homa ikapanda, akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Wakaamua ahamishwe. Mimi nilikuwa shuleni, darasa la tatu, na niliporudi nikakuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi.

Mchana uleule basi lilipinduka kwenye barabara kuu, na majeruhi wote wakapelekwa hospitali kubwa. Mama alipofika huko kesho yake, na fungu la nguo safi na chupa ya chai, alikuta watu wamelazwa hadi kwenye korido na uani. Alizunguka kila kitanda. Akaenda chumba cha maiti, akafunuliwa shuka moja baada ya nyingine. Baba hakuwemo. Dereva wa gari la wagonjwa aliapa kwamba alimshusha akiwa hai. Dirishani pa mapokezi wakasema barua yake wanayo, ila mtu wake hawamwoni. Baba mdogo akaacha kazi yake akamtafuta ndugu yake wiki kwa wiki, hospitali kwa hospitali, akarudi amekonda. Alipotaka ndugu wakae msiba, mama alikataa.

"Msiba wa nani?" alimuuliza. "Buti zake ziko kwangu."

Na kweli zilikuwepo, rafu ya kati, ncha zikiangalia mlango.

Nimekua chini ya zile buti. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia. Kila Jumamosi mama alizipaka rangi, akazipiga brashi, akazirudisha. Nilipoolewa, nilipeleka maneno ya kadi kwa mchapishaji nikiwa nimeandika "binti wa marehemu" fulani. Kadi zilipotoka, neno marehemu halikuwemo. Mama alikuwa amenifuata nyuma akalifuta. Wakwe zangu wakauliza baba yuko wapi basi, mbona haonekani, nikalia mbele ya cherehani ya fundi nguo badala ya kufurahia gauni langu. Nilimkasirikia mama kwa muda mrefu. Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini hata mtu mpole angechoka kuishi na mama ambaye, kitasa kikitikisika, anainua kichwa kabla ya kila mtu.

Hospitali ilihamishiwa jengo jipya upande wa pili wa mji, na jengo la zamani likapewa idara ya maji. Mama alibaki kama mfagiaji, alikataa kuhamia kule kwenye vigae vinavyong'aa. Mkubwa wa idara aliamuru ile stoo ya viatu vya wafu chini ya ngazi isafishwe. Mama akampa ufunguo akamwambia aingie mwenyewe achague pa kuanzia. Mkubwa aliingia, akatoka upesi, na tangu hapo akawa anazunguka nyuma kwenda ofisini kwake asipite chini ya ngazi. Kinachonishangaza zaidi ni wale waliokuja kulalamikia bili za maji. Walifika kwenye mlango uliokuwa wa wodi wakavua viatu. Hakuna aliyewaambia. Unamwona mtu amekuja na hasira zake na karatasi zake, anashika fremu ya mlango, anavua, anaingia anaongea kwa sauti ya chini.

Baada ya idara ya maji likawa bweni la wasichana wa chuo cha ualimu. Hao ndio walioanzisha habari za nyayo. Walisema mchana, wenzao wakiwa darasani, aliyebaki kitandani na homa husikia mtu anatembea peku kwenye korido. Si viatu, si kandambili, ni nyama ya mguu kwenye sakafu ya saruji, pa, pa, pa, taratibu, anakuja mpaka usawa wa ngazi, anasimama. Wasichana wakafunga vitu vyao wakakataa kulala mle, mlezi wao akawaita waoga, kisha naye akaomba uhamisho. Nilimuuliza mama kama anaamini upuuzi ule. Alikuwa anakamua tambara la kudekia.

"Walioondoka hapa peku ni wengi," akasema. "Wana haki ya kuulizia viatu vyao."

Mwisho likawa ukumbi wa sherehe, na kazi yangu ya kwanza ya kupamba niliipata kwa mgongo wa mama. Kwa miaka tukawa tunafanya kazi chini ya paa moja, yeye na fagio, mimi na vitambaa, na mashoga zangu waliokuja kunisaidia walimsalimia kwa adabu na hawakukubali kamwe kutumwa stoo.

Basi mwaka huu jengo likapata mpangaji mpya, kijana anayetaka kufungua ukumbi wa mazoezi. Ana mabega mapana kama kabati na sauti laini isiyolingana nayo. Alinifuata nikiwa nakunja vitambaa vya harusi ya mwisho.

"Dada Soksi, naomba unisaidie na bibi. Nampenda, namheshimu, lakini ile stoo naihitaji. Mwisho wa mwezi iwe wazi."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia. Kaniuliza saizi ya mguu wangu."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akasogea karibu.

"Na mafundi wangu wawili wamegoma. Wanasema kuna mtu anatembea humu mchana. Mimi siamini mambo hayo, dada. Ila mwisho wa mwezi iwe wazi."

Nilikwenda kwa mama siku hiyohiyo. Miguu yake imekuwa mibovu, magoti yanamsumbua, kazi ya kudeki anaifanya kwa ubishi tu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka jambo moja, na nililitaka kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya yule kijana. Nilitaka azigeuze zile buti. Nilitaka nimwone anakaa msiba wa mumewe yeye mwenyewe angali hai, alie, apokee pole za watu, kisha apumzike. Niliogopa kwamba atakufa akiwa bado anasikiliza kitasa, na kwamba baada ya hapo atakayekuwa anasikiliza ni mimi.

"Mama, vile viatu vinatolewa."

"Vya nani?"

"Vyote."

"Vya wengine sawa, nimekaa navyo vya kutosha. Baba yako usimguse."

"Baba si viatu, mama!"

Nilipaza sauti, na jirani akazima redio yake ili asikie vizuri. Mama akachukua mtandio wake, akasema twende basi.

Tulifika alasiri. Mafundi walikuwa wameondoka, jengo lilikuwa tupu, na ile harufu ya dawa ya kusafishia ambayo huwa inapanda kutoka sakafuni siku za joto ilikuwa imejaa korido nzima. Hakuna aliyemwaga dawa ile mle tangu hospitali ihame. Mama aliketi kwenye ngazi kwa sababu ya magoti yake, mimi nikafungua stoo nikaingia na magunia. Nikaanza rafu ya chini. Ngozi zilikuwa zimekakamaa, nyingine zimeliwa na panya. Kandambili za plastiki zilikuwa vilevile, mtu angeweza kuzivaa akaenda nazo sokoni. Nilikuta za kike zenye kisigino kirefu, nikawaza huyu alikuwa anatoka wapi, alikuwa amejipamba kwenda kwa nani. Nikajaza gunia la kwanza huku najisemea maneno ya kujipa moyo.

Ndipo nikasikia. Pa, pa, pa. Miguu peku kwenye saruji, inatoka upande wa wodi, haina haraka. Nilijua mama ameketi na nilijua amevaa raba zake. Nyayo zikaja mpaka nje ya mlango wa stoo zikasimama, na ule ukimya wa kusimama kwake ndio ulioniogopesha kuliko nyayo. Nikageuka. Mlangoni palikuwa na mwanga wa alasiri na vumbi lake, basi.

"Mama. Umesikia?"

"Namsikia tangu ulipokuwa darasa la tatu," akajibu kutoka kwenye ngazi, sauti ya kawaida kabisa.

"Anataka nini?"

Nikajikuta nimeinua mikono nikazitoa buti za baba rafuni, labda kwa sababu nilitaka kushika kitu. Zilikuwa nzito, zinanukia rangi ya viatu. Vile vitobo vya cheche vilikuwepo juu yake, mama hakuwahi kuviziba. Nikazielekeza kwenye mwanga. Ndani ya buti ya kulia kulikuwa na plasta, imekauka, kingo zimejikunja, na juu yake jina la baba kwa mwandiko wa mama. Kwenye kamba za buti kulikuwa na kitanzi cha mfuko wa kitambaa. Mfuko wenyewe ulishaliwa na nondo, kimebaki kitanzi na fundo.

Nilikuwa nimeiona plasta ile maisha yangu yote. Kile kitanzi pia. Nimewahi kuchezea lile fundo kwa vidole nikiwa mtoto, juu ya lile debe langu. Na sasa nikasimama pale, mwanamke mzima, ndiyo kwanza naelewa ninachokiona. Plasta na mfuko vilikuwa vya mgonjwa anayehamishwa.

"Mama," nikasema. "Mgonjwa akienda, viatu vinamfuata."

Nikatoka nazo mkononi. Alikuwa hanitazami, anatazama magoti yake.

"Nilivifunga kabisa," akasema. "Jina nimeandika, mfuko nimefunga. Machela ikapita hapa, hapa uliposimama. Alikuwa na homa, hata hanitambui. Nikasema nikimpa buti, huyu ameondoka na kila kitu chake, hana cha kumrudisha. Nikazizuia, mwanangu. Nikasema atarudi kuzifuata, si ndivyo alivyozoea?"

Nikaketi ngazi ya chini yake.

"Mimi nilijuaje kuna basi linapinduka," akaendelea. "Majeruhi wamelazwa chini, damu na vumbi, uso huujui. Kila mmoja ana viatu vyake miguuni, au ana ndugu anayemlilia. Yeye hana hiki wala hiki. Mtu peku asiye na jina. Watu walikuwa wanakuja kuchukua maiti zao wanazika haraka, joto lile. Kuna wazazi walimzika mtoto wao, na pengine waliyemzika hakuwa mtoto wao, alikuwa baba yako. Nimeliwaza hilo kila siku ya Mungu."

Nilikasirika. Sitaki kudanganya hapa nionekane mwema. Nilitaka kumwambia kwamba amemnyima baba yangu kaburi, na mimi ameninyima hata neno marehemu. Maneno yalifika mdomoni. Kisha nikaona jinsi alivyozishika zile raba zake kwa mikono miwili, anazibana, kama mtu anayeogopa zitavuliwa. Niliyadhani maisha yake yote kuwa ni ujinga wa kupenda. Kumbe alikuwa anajua, alijua tangu siku ya pili, na alikuja kazini na hilo kila asubuhi.

"Ndiyo maana hukuzigeuza?"

"Nizigeuze kwa mkono gani?" akaniuliza. "Huuhuu?"

Nilimshika mkono wake. Nililia, yeye hakulia. Korido ilikuwa kimya, sikusikia tena mtu akitembea, lakini sikusikia pia mtu akiondoka.

Viatu vingine vyote tulivizika wiki hiyo kwenye shimo nyuma ya jengo, palipokuwa na tanuri la kuchomea taka za hospitali. Yule kijana wa mazoezi alilichimba mwenyewe, jasho linamtoka, na alipomaliza akavua viatu vyake akasimama kando kwa adabu mpaka udongo ukafunika. Buti za baba hazikuwemo. Nilimuuliza mama anataka ziwekwe wapi, nyumbani kwake au kwangu. Alishangaa swali langu.

"Zinaenda zilikotakiwa kwenda," akasema. "Kwani sheria imebadilika?"

Nikashona mfuko mpya kwa kitambaa nilichokuwa nacho, cha satini nyeupe, kilichobaki kwenye meza ya maharusi. Tukaenda asubuhi kwa gari langu lenye jina la Soksi ubavuni. Mama alikaa mbele ameupakata mfuko, akasema njiani kwamba barabara ni fupi kuliko alivyoikumbuka.

Hospitali kubwa imebadilika, ina milango ya vioo na skrini ya namba. Mapokezi alikaa binti mdogo, amesuka vizuri, macho yana usingizi. Mama akaweka mfuko juu ya kaunta.

"Shikamoo bibi. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nimeleta viatu vya mgonjwa wenu. Vimechelewa kidogo."

"Haya. Mgonjwa yuko wodi gani?"

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza zamani, sikujibiwa."

Binti akatazama kompyuta, akamtazama mama. "Alilazwa lini, bibi?"

"Mwaka wa lile basi."

Binti hakujua basi gani. Hata mama yake pengine alikuwa hajazaliwa. Akanigeukia mimi kwa yale macho ya kuomba msaada, macho ya mtu anayetaka kujua kama bibi huyu ana akili zake. Siku nyingine yoyote ningemjibu vibaya.

"Vipokee tu, dada," nikamwambia. "Ni vya mgonjwa kweli."

Akasita, kisha akaufungua mfuko. Akatoa buti, akashangaa jinsi zinavyong'aa, akaingiza kidole ndani akaigusa plasta. Akaisogeza kwenye taa, akaanza kusoma. Alisoma polepole kwa sababu herufi zilikuwa zimefifia, kwanza jina la baba, kisha la babu, kwa sauti, kama wanavyosoma mapokezi wakimwita mtu aje dirishani. Watu wawili watatu kwenye viti wakainua vichwa kuona nani atasimama. Mama alisimama wima kabisa, na magoti yake yale.

"Tuna kabati la vitu vilivyoachwa," binti akasema. "Nitaviweka huko, bibi, mwenyewe akija atavikuta."

Akageuka, akafungua kabati lililokuwa nyuma yake. Akazipanga rafu ya chini, akazisogeza mpaka ndani ili mlango ufunge. Visigino vikabaki upande wetu. Ncha ziliangalia ukuta.

Binti hakujua, angejuaje. Nikafungua mdomo nimwambie azigeuze. Mama akanishika mkono, akanibana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mwache," akasema. "Ameviweka vizuri."